Chumba cha Muziki na Ukuta wa Umm Ghattas

Shule ya Bweni, Ayn al-Jurn
20 Januari 1962

Mpendwa Shangazi Afifa,

Naomba barua hii ikukute mzima, wewe na Fuad na mkewe, na kwamba joto la Sao Paulo, ambalo Fuad analiandika kana kwamba ni maradhi, halijakudhuru. Huku theluji imefika dirisha la jiko. Mama anakusalimu kutoka Tarabulus. Goti linamsumbua, yeye anasema ni ngazi, daktari anasema ni utamu wa baklawa, na hawazungumzi tena. Dada yangu Hind amejifungua mtoto wa kike mwenye sauti kubwa kuliko kengele yetu. Wote wawili wazima, tunamshukuru Mungu.

Shangazi, ulisema utarudi baada ya Krismasi. Sikulaumu, bahari ni ndefu na mwana ni mwana. Lakini siku ya kwanza ya muhula Ustadhi Iskandar aliniita katika ofisi ya mkuu, nami nikadhani nimekosea hesabu za sukari. Alinipa ufunguo wa chumba cha muziki.

"Shangazi yako hajarudi," akasema. "Wewe ulijifunza udi kwake miaka yote uliyokuwa bwenini. Asubuhi utakuwa karani wangu, alasiri utakuwa mkuu wa idara ya muziki."

"Kwa muda, Ustadhi?"

"Kila kitu ni kwa muda, Labib."

Hayo bado ni madogo. Kuna jambo la ofisini ambalo sikupaswa kulitoa nje, lakini wewe si nje. Barua ya kuagiza vitanda vya chuma ishirini na vinne niliipiga chapa mimi mwenyewe. Ustadhi anataka kukifanya chumba cha muziki bweni la wavulana wakubwa, maana kila mwaka tunarudisha watoto kwa kukosa nafasi. Wadhamini watakuja kuamua Siku ya Shule, Jumapili ya kwanza ya Mei. Wakikuta idara iko hai, itabaki. Wakikuta kabati la fidla na karani mwenye hofu, itafungwa. Ameniambia nisimwambie mtu: "Karani anayesema si karani."

Na sasa hili. Jumanne iliyopita amefariki Abu Ghattas, jirani yetu wa ukutani. Moyo, akiwa anachochea moto. Umm Ghattas amebaki peke yake nyumbani, kwa kuwa mwanawe Ghattas yuko Kuwait. Unaujua ukuta huo kuliko mimi: akikohoa upande ule, sisi upande huu tunasema afya. Nimesimamisha kila kitu. Hakuna udi, hakuna kanuni na nyuzi zake, hakuna dumbaki, hata wimbo wa asubuhi uwanjani nimeuzuia. Wavulana wananitazama kama mtu aliyewanyang'anya chakula. Nimewaambia: nyumba ina matanga, tutanyamaza.

Nimefanya vema? Na tafadhali, Shangazi, unarudi lini?

Wako mtiifu,
Labib


Sao Paulo
16 Februari 1962

Labib, roho ya shangazi yako,

Barua yako ilinikuta nikipika mboga yetu ya mulukhiya kutoka kwenye kopo, aibu ambayo usimwambie mama yako. Fuad mzima, mkewe mzima, watoto wao wananisema kwa lugha yao wakidhani sisikii. Mwambie Hind mtoto mwenye sauti asimnyamazishe. Mwambie mama yako aache baklawa, kisha mpelekee kidogo.

Mungu amrehemu Abu Ghattas. Tulitukanana kupitia dirisha lile miaka ishirini na sita, na sasa sina wa kumtukana kwa Kiarabu kizuri. Huku kuna Bwana Tannus, mtu wa Zahle kule kwetu, ana duka la vifungo mtaa wa pili. Anajaribu, lakini ana heshima mno.

Umefanya vema kunyamaza. Mtu hapigi dumbaki kwenye sikio la mjane. Lakini kunyamaza si kulala. Nusu ya kuimba ni kuvuta pumzi, na pumzi haina sauti. Wafundishe wavute pamoja na waiachie pamoja. Wa udi waweke vidole kwenye nyuzi bila kuzigusa kwa mkono wa kulia. Maneno wayaseme kwa midomo tu. Mtoto akiujua wimbo kwa ukimya huo, hautamtoka tena. Chagua ule wimbo mrefu wa Andalusi, na sehemu ya pekee mpe Nassif, hakuna koo kama lake mlima mzima.

Ya baada ya arobaini unayajua, siyarudii.

Kula. Najua huli ukiogopa.

Shangazi yako,
Afifa


Ayn al-Jurn
27 Machi 1962

Mpendwa Shangazi Afifa,

Nakusalimu salamu za mtu aliyejiaibisha, lakini kwanza ya nyumbani. Mtoto wa Hind amebatizwa, akamtemea kasisi. Mama amepatana na daktari. Milozi imetoa maua huku chini, juu bado theluji.

Mazoezi ya kimya yalikwenda vizuri kuliko nilivyothubutu kutumaini. Ungeona, Shangazi: wavulana thelathini katika chumba kimoja, midomo inakwenda, vifua vinapanda na kushuka pamoja, na husikii kitu ila viatu. Jurjis wa dumbaki anapiga kwenye mto aliotoka nao bwenini. Mwalimu mmoja alichungulia mlangoni akajiuliza kama amekuwa kiziwi.

Sasa yangu. Uliandika kwamba ya baada ya arobaini nayajua. Sikuyajua. Nimekulia Tarabulus, na nilipokuwa bwenini hapa geti lilifungwa. Mambo ya kijiji tuliyaona kupitia nyufa. Niliona haya kukuuliza. Nilidhani misa ya arobaini ikipita, nyumba ya marehemu hutuma neno kwa majirani: sasa pigeni, sasa imbeni. Misa ikapita. Nikangoja. Umm Ghattas nilimwona akianika nguo, nikamwamkia, akaniitikia kwa kidevu tu. Nikazidi kungoja.

Hatimaye Milhim wa hesabu, ambaye ni mzaliwa wa hapa, aliniuliza mezani: "Labib, mnangoja nini?"

"Tunangoja nyumba ya marehemu ituruhusu."

"Iwaruhusu kwa nini, kwa telegramu? Ndugu yangu, jirani ndiye anayekwenda kuomba! Mjane amepanga vikombe tangu misa ya arobaini, anawangoja nyinyi. Kijiji kizima kinajua isipokuwa shule, na ndiyo maana inaitwa shule."

Nilikwenda kwa Ustadhi Iskandar nikamwomba atuongoze. Alikataa. "Mimi ni mkuu wa shule, si jirani." Basi tulikwenda watatu: Khuri Mikhail, kasisi wetu, mwenye maneno, Milhim, mwenye ukoo, na mimi, mwenye haja.

Tulipokewa vizuri. Umm Ghattas alileta kahawa chungu ya msiba. Unajua, Shangazi, na mimi nalijua hili, mtoto wa miaka mitano analijua: anayekuja kuomba haigusi kahawa. Anaiweka mezani, anasema haja yake, na akikubaliwa ndipo anakunywa. Khuri akaweka kikombe chake. Milhim akaweka chake. Khuri akaanza kumsifu marehemu, akaenda mbali sana, akafika mpaka babu zake. Mimi nilikuwa nikirudia kichwani sentensi yangu ya kuomba ruhusa, neno kwa neno, nisikosee. Kikombe kilikuwa bado mkononi, na nilipofika mwisho wa sentensi kichwani nikaona kikombe ni kitupu.

Nilikuwa nimekunywa. Yote.

Khuri alinyamaza katikati ya babu. Milhim akaninong'oneza, "Umefanya nini, ewe punda wa mjini?" Umm Ghattas alikitazama kikombe, akanitazama mimi, akainuka.

"Mungu awalipe kwa kuja kunipa pole," akasema.

Basi ikawa tumekuja kutoa pole. Hatukuweza kusema tena neno lingine. Njiani Khuri alisema haijawahi kutokea katika miaka yake yote ya ukasisi, na alisema hivyo mara nyingi.

Niliporudi shuleni vitanda vilikuwa vimefika. Vimepangwa ukumbini nje ya chumba chetu, vimefunikwa kwa mashuka. Wavulana wanaulizana ni vya nani. Mimi najua, na napita kando yake kila alasiri nikiwa na ufunguo mkononi.

Sijui nifanye nini. Unarudi lini? Na Bwana Tannus ni nani?

Mpwa wako aliyeaibika,
Labib


Sao Paulo
22 Aprili 1962

Labib wangu,

Heri ya Pasaka. Tumepaka mayai rangi kwa maganda ya vitunguu, na Bwana Tannus alivunja mayai ya watu wote kwa yai moja, nikamshuku. Wote wazima. Mtoto anayemtemea kasisi ana maisha mbele yake.

Nilicheka kikombe chako mpaka Fuad akaja kutazama. Usinikasirikie. Kisha nilikaa nikawaza, nawe sikiliza. Usiende peke yako. Kijana peke yake mbele ya mjane anaonekana ametumwa na ofisi. Mwombe Khuri aende kwa askofu, askofu atoe mtu wake, na mwende safari hii kwa heshima kubwa kuliko kwanza, ili ile ya kwanza isahaulike. Na la vitanda lifunge kinywani. Si kwa Umm Ghattas, si kwa yeyote. Ukifukuzwa ofisini utakula nini? Udi haujawahi kumlisha mtu katika ukoo wetu. Mimi nililishwa na pensheni ya marehemu mume wangu.

Unauliza Bwana Tannus ni nani. Ni mtu anayeuza vifungo.

Shangazi yako,
Afifa


Ayn al-Jurn
9 Mei 1962

Mpendwa Shangazi Afifa,

Tuko salama. Mama alikuja Siku ya Shule akiwa na fimbo mpya na kofia ambayo Hind alimkataza. Mtoto ameota jino.

Barua yako ya Pasaka imefika jana. Umeniambia nisiende peke yangu, na nisitaje vitanda. Shangazi, nilikuwa nimekwisha kwenda peke yangu, na nilivitaja.

Ilikuwa wiki moja kabla ya Siku ya Shule. Khuri alikuwa Beirut, Milhim alisema hatakaa tena karibu na mimi penye kahawa. Nikabisha. Umm Ghattas alinifungulia mwenyewe.

"Umekuja kunywa tena?"

"Nimekuja kuomba, Umm Ghattas."

"Wenzako wako wapi?"

"Niko peke yangu."

"Naona. Kaa basi, usisimame kama mtoza kodi."

Alileta kahawa. Nilikiweka kikombe mezani na kukifunika kwa kiganja, nisije nikajisahau. Alikitazama kiganja changu, akacheka mpaka akafuta macho kwa ncha ya kitambaa chake cheusi.

"Haya, sema kabla hujaungua."

Nikasema. Sentensi yangu nzuri ilinipotea, nikasema tu kwamba tunaomba ruhusa yake kupiga na kuimba, na kwamba tulichelewa kuja kwa ujinga wangu.

"Miezi mitatu na zaidi kimya," akasema. "Unajua nilidhani nini? Nilidhani mnamtukana. Nilidhani shule inakionyesha kijiji: tazameni, yule mwenye kulalamika amekufa, sasa tunanyamaza, afaidi ukimya wake kaburini."

"La hasha! Tuliogopa kukukosea."

"Basi mmeogopa vibaya. Na jambo jingine. Watu wameanza kusema eti moyoni alikuwa akiupenda muziki wenu. Uongo. Aliuchukia kwa dhati, kila siku, na alikuwa mume mwema. Usije ukasimama mbele ya wageni ukasema marehemu alipenda muziki."

"Sitasema."

"Mimi ndiye niliyezoea kulala mchana mkiimba. Mkinyamaza naamka." Akakisogeza kikombe karibu yangu. "Ruhusa mnayo. Lakini sitaki wimbo wa kumuaga marehemu. Anzeni na yale mazoezi ya sauti kupanda na kushuka, kama Jumatatu yoyote. Kunywa."

Nikanywa. Haja yangu ilikuwa imekwisha, ningeweza kuaga na kwenda. Nilifika mlangoni, nikauona upande wake wa ukuta: kitanda chake kiko hapo, na juu yake picha ya Abu Ghattas yenye utepe mweusi. Sikuweza kutoka.

"Umm Ghattas, kuna jambo ambalo sina ruhusa ya kulisema."

"Basi liseme haraka."

"Wanataka kukifanya chumba cha muziki bweni. Vitanda vimefika."

"Vya nani?"

"Wavulana wakubwa. Ishirini na wanne."

"Vichwa vyao vitakuwa upande gani?"

"Huku ukutani."

"Umejuaje?"

"Mchoro niliuchora mimi. Niliagizwa."

Aliugusa ukuta kwa vidole viwili kama anayeangalia unyevu. "Mwanamume angekuwa ndani ya nyumba hii, hata askari wangelala hapo," akasema. "Sasa ni mimi peke yangu. Nenda kafundishe."

Siku iliyofuata tulianza na ya kupanda na kushuka. Shangazi, ilikuwa mbaya. Miezi yote ile kila mmoja alikuwa akiimba kichwani kwa sauti yake ya kuanzia, na kila mmoja alikuwa na yake. Lakini walivuta pumzi pamoja kama mtu mmoja, na walipokosea walikosea pamoja. Kisha nikamwita Nassif kwa sehemu yake ya pekee. Alifungua kinywa, ikatoka sauti nzito kama ya mchinja ng'ombe. Chumba kizima kiliruka. Yeye mwenyewe aligeuka nyuma. Alikuwa amebaleghe kimyakimya na hatukuwa na habari, kwa sababu hakuna aliyemsikia.

"Mimi si mimi, Ustadhi," akaniambia, karibu kulia.

Nilitamani sana uwepo. Hukuwepo. Nikawaambia walegeze nyuzi zote, na nikaushusha wimbo mzima chini mpaka ukamkuta Nassif alipo. Wadogo walilalamika kwamba umekuwa chini ya viatu vyao. Nikawaambia waimbe ngazi moja juu yake. Sikulala vizuri wiki ile, lakini ulisimama.

Siku ya Shule tuliimba. Sikudanganyi: haikuwa kama miaka yako. Kanuni ilikatika uzi, na mdhamini mmoja alisinzia. Nassif aliimba vizuri sana, na Mama alilia, lakini Mama hulia hata kwenye hotuba ya mkuu wa shule. Wadhamini walipiga makofi ya adabu. Kisha Ustadhi Iskandar akawachukua kuwaonyesha chumba. "Mwanga mzuri," akasema, "hewa safi, vitanda ishirini na vinne vinaingia bila taabu."

Hatujamaliza kutazama, Umm Ghattas akatokea mlangoni kutoka kwake, kwa nguo zake nyeusi.

"Ustadhi," akasema, "vichwa vya wavulana hao, na kitanda cha mjane, katikati kutakuwa na nini?"

"Ukuta, bibi yangu. Ukuta wa mawe."

"Ukuta wa mawe ambao kupitia kwake nimekusikia leo ukisema hewa safi."

Hakuna aliyecheka. Mwenyekiti wa wadhamini, wakili wa Beirut, alitazama sakafu. Watu wa kijiji waliokuwa nyuma yetu walianza kunong'ona, na neno nililolisikia mara nyingi ni aibu. Khuri Mikhail akasema, "Haiwezekani, Ustadhi. Haiwezekani kabisa." Mwenyekiti akaafiki. Vitanda vitakwenda jengo la juu, na chumba kitabaki cha muziki, kwa sababu muziki haulali.

Kwa hiyo idara imebaki, Shangazi, na hatukuiokoa kwa kuimba.

Jioni Ustadhi aliniita. "Watu wanne walijua habari za vitanda kabla havijafika," akasema. "Nani aliyemwambia ni vya chumba kile?"

Ningeweza kunyamaza. Nilisema, "Mimi."

"Basi weka funguo za ofisi hapo mezani. Ofisini kwangu sikutaki. Nenda kakae na kelele zako."

Sijui kama nimefukuzwa kazi au nimepewa. Mshahara ni mdogo kuliko wa ukarani. Naogopa sana. Sikuulizi unarudi lini, nakuomba urudi.

Labib


Sao Paulo
5 Juni 1962

Mwanangu Labib,

Nimeisoma barua yako nikiwa nimesimama, kisha nimekaa, kisha nimempa Fuad naye asome. Mbusu mtoto wa Hind kwenye jino. Kofia ya mama yako nimeipigania humu nyumbani bila kuiona.

Ushauri wangu ulikuwa wa mtu aliye mbali. Ningekuwa mimi, ningekwenda na mtu wa askofu, ningesema maneno mazuri, na leo wavulana wangekuwa wamelala mle. Kuushusha wimbo ukamkuta Nassif: sijawahi kukufundisha hilo. Ni lako.

Unaandika naogopa, naogopa, katika kila barua. Mimi niliinua mkono mbele ya wavulana wale miaka ishirini na sita, na kila mara, kabla hawajaanza, niliogopa. Hukuuliza, sikusema. Usitafute dawa yake.

Sasa lile ambalo umekuwa ukiuliza. Sirudi, Labib. Nilikuja kutazama wajukuu. Bwana Tannus alikuja kuuza vifungo vya koti la Fuad, akakaa mpaka chakula, na akaendelea kuja koti likiwa limekwisha. Ni mjane kama mimi. Ana miaka sitini na mbili na anacheka vizuri. Tunafunga ndoa Agosti, kanisani, bila ngoma nyingi. Barua ya kujiuzulu nimempelekea Ustadhi Iskandar, na humo nimeandika jina lako kuwa mrithi wangu. Nadhani atakasirika kwanza.

Nina ombi. Mwambie mama yako. Nimeanza barua zake nikazichana. Wewe unasema naogopa, kisha unakwenda. Mimi sijawahi kusema, na siwezi kumwandikia wifi yangu kwamba naolewa na umri huu. Nenda umwambie kabla watu wa Zahle hawajamfikia.

Shangazi yako,
Afifa


Ayn al-Jurn
14 Oktoba 1962

Mpendwa Shangazi Afifa, na salamu kwa Bwana Tannus, ambaye sasa sijui nimwiteje,

Nilikwenda Tarabulus. Nilimwambia Mama akiwa anachambua dengu, ili mikono yake iwe na kazi. Aliendelea kuchambua. Kisha akasema, "Afifa?" Kisha akasema, "Afifa wetu?" Akaniamuru nitoke jikoni. Siku mbili hakulitaja jina lako. Siku ya tatu nilimkuta anamweleza jirani kwamba wifi yake ameolewa na mfanyabiashara mkubwa wa Brazili, na vifungo hakuvitaja. Hakuandikii bado, amekasirika, lakini anauliza kama huyo bwana anakula kitunguu kibichi, na anataka picha.

Muhula umeanza. Wapya ni kumi na mmoja, wote walilia juma la kwanza, wakiwemo wawili wa fidla. Nassif sasa anaimba chini kabisa, na amekuwa na majivuno. Kila alasiri Umm Ghattas analala.

Karani mpya alidumu mpaka Septemba. Alichanganya ada za mabweni mawili, na wazazi wakaja na hasira zao. Juzi Ustadhi Iskandar aliniita. Kiti changu kilikuwa palepale, na juu ya meza funguo zilezile.

"Nimekasirika vya kutosha," akasema. "Rudi. Mshahara wako wa zamani na nyongeza. Kuna bibi mmoja wa Beirut anafundisha kinanda, atakuja mara mbili kwa juma, ataiangalia idara. Wewe ni karani mzuri, Labib. Mkuu wa idara wewe ni wa wastani tu."

Ni kweli, Shangazi. Najua hesabu za shule ile kuliko ninavyojua kupiga kanuni. Ofisini hakuna anayeniangalia mikono. Nilikitazama kiti, na mwili wangu ulitaka kukaa.

"Hapana, Ustadhi," nikasema.

"Umesikia nyongeza niliyosema?"

"Nimesikia."

"Utajuta."

"Huenda, Ustadhi," nikasema, nikatoka mbio bila kuaga vizuri, maana saa ya somo ilikuwa imefika, na kule chini walikuwa wameshaanza bila mimi, tena kwa sauti ya kuanzia isiyokuwa yenyewe.

Mpwa wako,
Labib